Chapeo za Mchezo wa Ijumaa Kuu: Kukata Seti, Kuunganisha na Kupimisha Kichwani



Kila mwaka, Krismasi ikishapita na shule zikifunguliwa, vikundi vingi vya vijana huanza mazoezi ya mchezo wa Mateso ambao utachezwa Ijumaa Kuu. Nguo si shida. Leso nyekundu, shuka, mshipi wa ngozi, basi mtu amekuwa Mrumi. Kazi iko kwa chapeo. Bila chapeo askari anaonekana kama mtu aliyetoka kuoga, na watu hucheka mahali ambapo hawakutakiwa kucheka.

Kikundi chetu kimekata na kuuza seti za chapeo za katoni kwa miaka kadhaa sasa. Seti ni vipande vyote vya chapeo moja, vimekatwa tayari, vimeandikwa herufi na kufungwa pamoja kwa kamba. Mnunuzi, ambaye mara nyingi ni shule au kikundi cha vijana, huunganisha mwenyewe. Yeye anaokoa pesa, nasi tunaokoa nafasi, kwa maana chapeo ishirini zilizokamilika hujaza chumba kizima, lakini seti ishirini huingia katika magunia mawili na kupanda matatu bila kulipishwa kiti cha mtu.

Tunaeleza hapa jinsi tunavyofanya, ili kikundi chochote kiweze kujaribu. Lakini tuanze na aibu yetu, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha.

KICHWA CHA FUNDI

Seti za kwanza tulizikata kwa pateni moja. Pateni hiyo ilipimwa kwenye kichwa cha fundi wetu wa mbao, mzee mwenye kichwa kikubwa cha kuheshimika, sentimita 60. Tulikata seti ishirini zote sawa, tukauza, tukafurahi. Siku ya Ijumaa Kuu kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akishuka ngazi na mkuki wake mkononi. Akageuka upande, chapeo ikabaki mahali pake, macho yake yakawa gizani. Alikosa ngazi, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono.

Wiki iliyofuata seti zilirudi. Katika mkutano wetu wengine walisema hilo si kosa letu, waliounganisha ni wao wenyewe. Mweka hazina wetu, mama asiyependa maneno mengi, alichukua chapeo moja kati ya zile zilizorudi akaivaa mbele ya watu wote. Ilimfika puani. Akauliza kutoka humo ndani, "Huyo aliyesema si kosa letu amekaa wapi? Mimi simwoni." Mjadala ukaishia hapo. Pesa zilirudishwa, na gharama ya hospitali tukachangia kutoka kwa akiba ya mzunguko wetu. Akina mama wawili waliokuwa wakingoja zamu yao mwezi huo walingoja hadi mwezi wa saba. Kwa hiyo tunapoandika kwamba ni lazima kupima, tunajua bei yake.

CHAPEO YENYEWE ILIKUWAJE

Neno chapeo wengi wetu tunalijua kutoka Waraka kwa Waefeso, sura ya 6. Lenyewe lilitoka kwa Wareno waliokaa pwani yetu, ambao kofia kwao ni chapéu. Chapeo ya askari wa Kirumi wa karne ya kwanza ilikuwa ya shaba nyeusi au ya chuma, na uzito wake ulikuwa kama kilo moja hadi mbili. Haikuwa bakuli tupu. Nyuma ilikuwa na kinga ya shingo, pana kama ukingo wa sahani. Mbele, juu ya paji la uso, palikuwa na ukingo mnene wa kuzuia upanga unaoshuka. Kila upande palikuwa na kinga ya shavu iliyoning'inia kwa bawaba, na imekatwa ili macho na mdomo visizibwe. Masikio yaliachwa wazi, kwa sababu askari asiyesikia amri ni hasara kwa jeshi. Ndani palikuwa na kitambaa au sufu.

Shungi juu ya kichwa, lile linalofanana na undu wa jogoo, lilitengenezwa kwa nywele za farasi au manyoya ya ndege. Askari wa kawaida hakulivaa kila siku. Na hapa wachezaji wengi hukosea. Akida, yaani mkuu wa kikosi cha watu kama 80, alivaa shungi lililokaa kutoka sikio hadi sikio, si kutoka mbele kwenda nyuma. Vegetius, aliyeandika juu ya jeshi la Roma, anaeleza kwamba lilikaa hivyo ili askari wamtambue mkuu wao haraka. Kwa mchezo hilo ni jambo zuri sana, maana hata mtu aliyesimama nyuma kabisa chini ya mwembe atamjua akida bila kuambiwa.

Kununua vipande na kujiunganishia si jambo letu peke yetu. Huko Ulaya na Marekani wapenzi wa filamu ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, hununua vipande vya chapeo nyeupe za plastiki, wakavikata kingo, wakavigundisha na kutia sponji ndani. Wengine wamejiunga katika chama kiitwacho 501st Legion, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1997, na huvaa mavazi hayo kwenda kuwatembelea watoto walio hospitalini. Plastiki yao ni ghali na katoni yetu ni ya bure nyuma ya duka, lakini utaratibu ni ule ule: jaribu kwanza bila gundi, tia alama, kata, ndipo uunganishe.

KUPIMA

Chukua kipimo cha fundi wa nguo. Kizungushe kichwani vidole viwili juu ya nyusi, kipite juu kidogo ya masikio, hadi nyuma pale kichwa kinapotokeza zaidi. Watu wazima wengi wako kati ya sm 54 na 60, na watoto wa shule ya msingi kati ya 50 na 54. Mwenye nywele zilizosukwa apimwe na nywele zake, na asibadilishe mtindo kabla ya Pasaka. Tumeona msichana aliyepimwa akiwa amenyoa na kuja siku ya mchezo na rasta, chapeo ikakaa juu kama kifuniko cha sufuria iliyojaa.

Sisi sasa tunakata saizi tatu. Ndogo ni ya vichwa vya sm 50 hadi 53, ya kati 54 hadi 57, kubwa 58 hadi 61. Ukanda wa kichwa ukishafungwa uwe na mzunguko wa sm 56 kwa ndogo, 60 kwa ya kati na 64 kwa kubwa. Hiyo nafasi iliyozidi italiwa na sponji. Mtu akikuagiza seti bila kukupa vipimo vya vichwa, usikate. Mrudishie barua au mpigie simu.

KUKATA SETI

Tafuta katoni ngumu, zisizoloa wala kukunjika. Tazama ukingo wa katoni utaona mifereji midogo iliyo katikati ya karatasi mbili. Kipande cha kukunjwa kuzunguka kichwa kikatwe ili mifereji hiyo ikae kwa upana wa kipande, si kwa urefu. Hapo kitajikunja vizuri kama mkeka. Ukikata kinyume kitavunjika pembe pembe, na chapeo itakuwa ya pande sita.

Vipimo vifuatavyo ni vya saizi ya kati. Ukanda wa kichwa, herufi A, una upana wa sm 5 na urefu wa sm 66, yaani 60 pamoja na 6 za kupishana. Mbavu, herufi B, ni nne, kila moja upana sm 4 na urefu sm 48. Utaona ni ndefu kupita haja. Ziache hivyo, aliye na kichwa ndiye atakayezipunguza. Majani, herufi C, ni manane ya kuziba nafasi kati ya mbavu: chini sm 7, juu sm 2, urefu sm 14. Ukingo wa paji, herufi D, ni ukanda wa sm 3 kwa 32.

Kinga ya shingo, herufi E, inahitaji bikari, au msumari, uzi na penseli. Kwa kituo kimoja chora nusu duara tatu, za sm 8, sm 10 na sm 17. Kata kwa mstari wa 8 na wa 17, halafu punguza sm 3 kila ncha ili isifike masikioni. Kati ya mstari wa 8 na wa 10 kata kata kila baada ya sm 2, upate meno ya kukunja juu. Kwa watoto mstari wa nje uwe 15 badala ya 17. Kata vipande viwili vya E kwa kila chapeo, mifereji ya kimoja ikienda kinyume cha kingine, lakini kimoja kati ya hivyo kisiwe na meno. Ukivigundisha pamoja vitakuwa vigumu kama mbao nyembamba.

Kinga za mashavu, herufi F, zina urefu wa sm 16, juu upana wa sm 10, na chini zinapungua hadi sm 5. Ukingo wa mbele una maliwato mawili, samahani, mabonde mawili, moja usawa wa jicho na lingine usawa wa mdomo. (Mhariri aliona kosa hilo la kalamu akasema libaki.) Hapa ndipo seti nyingi huharibika. Mkataji huchora shavu moja, akachora tena vile vile, na mnunuzi hupata mashavu mawili ya kushoto. Baada ya kuchora la kwanza, GEUZA pateni juu chini ndipo uchore la pili. Sisi tumeandika neno hilo kwa wino mwekundu juu ya pateni yenyewe.

Mwisho ni vipande viwili vya kushikia shungi, herufi G, vilivyopinda kama mwezi mchanga, urefu sm 26 na kimo sm 3, vikiwa na meno upande wa chini.

KUUNGANISHA

Kwanza jaribu yote bila gundi, kwa selotepu na vibanio vya nguo. Atakayevaa akae kwenye kiti, si mwenzake wa kimo sawa, yeye mwenyewe. Funga A kichwani, maungio yakae nyuma. Acha vidole viwili viweze kuingia kati ya ukanda na paji. Kichwa cha mtu si mviringo kama chungu, ni kirefu kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo bana ukanda kidogo pande mbili.

Sasa chukua ubavu wa kwanza, uupitishe kutoka mbele hadi nyuma, ncha zikiingia ndani ya ukanda. Uinue mpaka unene wa kidole uingie kati ya ubavu na utosi. Tia alama kwa penseli, punguza ili sm 4 tu zibaki ndani ya ukanda kila upande. Ubavu wa pili upite kutoka sikio hadi sikio ukilala juu ya wa kwanza, na hizi mbili zilizobaki zipite mshazari. Utaona kila moja ina urefu wake. Ndiyo sababu tuliziacha ndefu.

Chapeo ikiwa imekaa sawa, vua polepole, paka gundi nyeupe ya mbao kwenye maungio na ubane kwa vibanio hadi ishike. Stepla husaidia, lakini miguu ya pini ikunjwe kwa nje na kufunikwa na karatasi baadaye. Pini iliyoachwa ndani itamchana mtu. Kisha gundisha majani C kutoka ndani, yapishane na mbavu kama sm moja na nusu kila upande. Meno ya E yakunje juu, yaingie ndani ya ukanda nyuma, na kile kipande kisicho na meno kigundishwe chini yake. D inakaa nje, juu ya paji.

Kabla ya kuendelea, mvishe tena mwenyewe na umwambie atazame juu angani. Jaribio hili watu hulipuuza. Kinga ya shingo ikiwa pana mno itagonga mgongo, na chapeo nzima itasukumwa mbele hadi machoni. Ikigonga, punguza sasa, wakati ni katoni tu.

KARATASI NA UJI

Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano, ukoroge na kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, ukoroge mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Tia kijiko cha chumvi ili usiote ukungu haraka, uache upoe. Robo kikombe ya gundi nyeupe ikiongezwa katika tabaka la mwisho chapeo itakuwa ngumu zaidi.

Magazeti yachanwe kwa mkono, vipande vya upana wa sm 3. Usitumie makasi, kwa sababu ukingo uliochanwa hulala na kupotea, lakini uliokatwa huonyesha mstari hata chini ya rangi. Tabaka la kwanza liwe la gazeti, la pili la karatasi ya kaki, la tatu la gazeti tena. Hivyo utaona wazi mahali ambapo hujafika. Nje weka tabaka tatu, kwenye maungio nne au tano, na ndani moja. Kinga za mashavu zifunikwe peke yao, bado hazijaunganishwa.

Kila tabaka likauke siku nzima kivulini penye upepo. Jua kali na moto hukunja katoni. Ili isipoteze umbo, jaza gunia dogo kwa nyasi kavu, ulifanye kama kichwa, chapeo ikauke juu yake. Zamani tulilifunika gunia kwa mfuko wa plastiki wa dukani ili karatasi isishike. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini Kenya mwezi wa Agosti 2017, tunatumia kitambaa kilichosuguliwa sabuni ya kipande, na kusema kweli kinafanya kazi vizuri kuliko plastiki maana hewa inapita.

Utajuaje imekauka? Iguse kwa shavu lako, si kwa kidole. Ikiwa baridi, bado ina maji. Kisha igonge kwa ukucha. Iliyokauka hulia kama ngoma ndogo, mbichi hunyamaza.

RANGI

Sugua kwa msasa laini, ukijifunga kitambaa puani. Paka mkono mmoja wa rangi nyeupe ya maji ya ukutani, ikauke, ndipo upake rangi ya fedha ile inayopakwa kwenye mabati na matangi. Paka nje tu. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mnene. Ukingo wa paji na kingo za mashavu zikipakwa rangi ya dhahabu zinapendeza. Usitumie rangi ya zamani ambayo imekaa stoo miaka mingi katika mkebe usio na maandishi, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Acha chapeo nje ya nyumba siku tatu hadi harufu iishe. Rangi ya fedha huwa na mafuta na hushika moto ikiwa mbichi, basi isipakwe jikoni.

MASHAVU, SPONJI NA SHUNGI

Baada ya rangi ndipo tunashona mashavu. Bawaba nzuri ni mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, kipande cha sm 4 kwa 5. Mvishe mtu, utie alama mbele ya sikio, karibu upana wa kidole. Toboa kwa msumari mwembamba, shona kwa uzi wa viatu na sindano ya magunia, nusu ya mpira kwenye ukanda na nusu kwenye shavu. Kati ya ukanda na shavu acha nafasi ndogo, kama unene wa shilingi mbili, la sivyo shavu halitacheza. Sikio libaki wazi, mtu asikie zamu yake ya kusema. Mashavu yasifungwe pamoja chini ya kidevu. Chapeo ishikwe na utepe wake mwenyewe, uliofungwa kwa fundo la kuvuta mara moja likafunguka.

Sponji ya godoro kuukuu ikatwe vipande vya unene wa sm moja. Kimoja paji, kimoja nyuma, viwili juu ya masikio, na kimoja cha mviringo utosini. Usizungushe sponji pande zote bila kuacha nafasi, kwa maana hewa haitapita na mtu atatoka jasho hadi macho yamwashe. Bandika kwanza kwa selotepu, mvishe, mwambie atikise kichwa kama anayekataa. Chapeo ikibaki nyuma wakati uso unageuka, ongeza sponji pale juu ya masikio. Ndilo tulilomkosesha yule kijana. Ikimwachia alama kwenye paji baada ya dakika ishirini, punguza ya mbele. Ukiridhika, gundisha.

Shungi tunalitengeneza kwa katani. Nyuzi za sm 24 zinatiwa rangi nyekundu ile ile ambayo akina mama hutumia kwa vyondo, zinaanikwa, halafu zinakunjwa katikati na kubanwa kati ya vile vipande viwili vya G kwa gundi na mshono. Meno ya chini yanakunjwa moja kushoto, moja kulia, yalale juu ya chapeo. Toboa matundu manne na ulifunge kwa uzi kutoka ndani, usiligundishe. Likifungwa kwa uzi unaweza kulitoa wakati wa kuhifadhi, tena chapeo moja inaweza kuwa ya askari mwaka huu na ya akida mwaka ujao, kwa kugeuza shungi tu. Likishakaa, lipunguze kwa makasi liwe sawa. Na kumbuka katani kavu ni kama kibiriti. Mchezo wenye mishumaa au mienge, anayeibeba asiwe mwenye shungi.

JARIBIO LA MWISHO

Hatuuzi tena seti bila karatasi ya maelezo, na ndani yake tumeandika jaribio hili: avae, ashuke ngazi tatu na kupanda, apige magoti, ainame kuokota kitu, akimbie hatua kumi, atazame vidole vyake vya miguu bila kushika chapeo. Mwingine asimame ubavuni kwake na kuinua mkono polepole kutoka nyuma, naye aseme anapouona. Akishindwa hata moja, arudi kwenye sponji na mashavu. Jaribio lifanywe wiki mbili kabla, si asubuhi ya Ijumaa Kuu watu wakiwa wamesimama nje.

Kofia ikivaliwa na watu wengi hueneza chawa na choa cha kichwani (watoto wengine huita mashilingi). Kila mvaaji awe na kitambaa chake cha kichwa cha kuvaa chini ya chapeo, kifuliwe na kuanikwa juani. Chapeo zenyewe zianikwe nusu siku kabla ya kuhifadhiwa, ndani ikitazama jua.

Panya na mende hupenda sana uji wa ngano, hata uliokauka miaka mitatu. Tulipoteza chapeo sita kwenye sanduku la mbao ambalo tuliliamini. Sasa tunazining'iniza kwa waya kutoka kwenye dari, mbali na ukuta, na mashungi tunayatia ndani ya pipa la bati lenye kifuniko.

Kuhusu bei, kwa muda mrefu tulihesabu unga, gundi, rangi na nauli, tukasahau mikono ya watu. Seti moja humchukua mkataji mzoefu karibu saa mbili. Mkipanga bei, andikeni saa hizo kwanza, kwa kiwango cha kibarua wa shamba wa kwenu, halafu mwongeze vifaa. Kundi likisema ni ghali, mwonyesheni hesabu. Wengi huelewa, na wale wasioelewa hukodi badala ya kununua.

Kwa zinazokodishwa tunaweka daftari. Tunaandika namba ya chapeo iliyo ndani ya ukanda, saizi, jina la aliyechukua, tarehe, na hali ya kila kitu: mashavu mawili, utepe, sponji tano, shungi. Zikirudi, mweka hazina huzikagua moja moja mbele ya aliyezileta. Halafu huivaa moja, yoyote ile, akageuza kichwa kushoto na kulia kabla ya kutia sahihi.